Mikunjo ya Kaniki

Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kupigana na mikunjo. Watu wakisikia "mhariri wa mitindo" wanamwona mtu aliyekaa kiti cha mbele, miwani myeusi usoni, anasema hii nzuri, hii ovyo, ondoa. Thubutu! Mhariri wa mitindo ni mtu aliyepiga magoti sakafuni, pini tano mdomoni, anavuta pindo la gauni la mwenzake ili lisikunjamane mbele ya kamera. Magoti yangu yananiuma mpaka leo. Mgongo ndio usiniulize.

Aliyenifundisha kazi hii ni bosi wangu wa kwanza, mama wa makamo aliyeingia ofisini na viatu vinavyolingana na mkoba hata siku ya mvua za masika. Enzi zake jarida letu la Dar es Salaam lilitoka mara moja kwa mwezi, na wanawake walikata kurasa zake kwa mkasi wakampelekea fundi cherehani: nishonee kama hili. Mama yule aliitazama picha mara moja tu, akaweka kidole penye kosa. "Hapa pana mkunjo," alikuwa akisema, "na mkunjo ni uvivu wa mhariri." Nilimwogopa, nikampenda, nikamwiga mpaka namna ya kukohoa. Siku aliyostaafu alinipa pasi yake ya mvuke, ile ndogo ya kushika mkononi, unatia maji, unachomeka ukutani, inapumua kama paka mwenye hasira. Nilisafiri nayo kila mahali, kama wengine wanavyosafiri na dawa za presha.

Bosi wangu wa mwisho alikuwa kijana aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nalipwa mshahara. Sina ubaya naye. Alikuwa na heshima, aliniita maza, aliniagizia chai bila kuombwa. Lakini nguo alizijulia kwenye simu. Leso yake mwenyewe alikuwa hawezi kuinyoosha. Kila kikao alikuwa na wimbo mmoja: "Maza, mitindo bila stori siku hizi haiendi. Watu wanataka stori." Na mimi kila kikao nilikaa pembeni, nimechoka, nahesabu vigae vya dari, nikijua kwamba wananivumilia tu.

Siku moja akaja na wazo la kurasa nane za kaniki. Ile ile nguo nyeusi ya bibi zetu, ya shamba na ya msiba, sasa imekuwa fasheni. Akataka na vita vya Maji Maji humo ndani. Akataka wanamitindo washike mikuki. Nikamwambia mikuki akashike yeye. Watu wakacheka, na mimi, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu hawajacheka kwa jambo nililosema, ulimi ukaniponyoka: "Nyumbani kwetu Kibiti ipo kaniki ya vita vile. Yenyewe kabisa."

Chumba kizima kikanigeukia. Nakiri, nilifurahi. Laiti ningenyamaza.

Kaniki ile ilikuwa ya mama yake bibi yangu. Sisi asili yetu ni milima ya Umatumbi, kusini ya mto Rufiji, na kama tungebaki huko pengine tusingekuwapo. Mdachi alipowalazimisha watu kulima pamba yake, vita vikaanzia milimani. Wanaume walinyunyiziwa maji ya dawa wakaambiwa risasi hazitawaingia. Ziliwaingia. Baadaye askari wakapanda wakachoma mashamba na maghala, ili watakaonusurika na bunduki wamalizwe na njaa. Mama yake bibi alikuwa mke wa juzi juzi, na mtoto mmoja mgongoni. Alishuka na kaniki mbili. Moja aliivaa. Ya pili aliikunja kwa namna aliyoijua mwenyewe, ndani akatia mbegu za mtama, akaizungusha kiunoni. Haikuwa na fundo wala uzi. Askari walipekua vikapu na vyungu, wakamwona mwanamke aliyejifunga nguo, wakampita.

Walijificha kwenye mikoko ya delta msimu mzima, wakila mizizi na samaki wa matopeni. Mtoto yule alifia huko kwa njaa, mbegu zikiwa kiunoni kwa mama yake. Bibi alitusimulia jambo hilo waziwazi, kama anavyosimulia kwamba mwaka fulani mto ulifurika. "Angempa mtoto zile mbegu, angekula siku mbili," alisema. "Halafu wote wangekufa. Nami nisingezaliwa." Vita vilipokwisha, mama yule akazipanda mbegu zile. Ukoo wetu wote umetokana na kiuno kile.

Ndiyo maana bibi aliendeleza desturi yake. Kila mwaka mtama ukishavunwa, alikaa barazani kwake, kijijini Mahege, akaitandaza kaniki kwenye mkeka, akaikunja upya kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akatia konzi mbili za mtama, akainua. Anatikisa. Anatikisa tena, kwa nguvu, juu ya mkeka mtupu. Haikudondoka hata punje moja. Sisi watoto tulipiga makofi na kumwomba arudie, na yeye akaringa kidogo, bibi yangu alikuwa anapenda sifa. Mtama ule ndio uliokuwa wa kwanza kuingia ardhini msimu ukifika. Kisha kaniki inarudi sandukuni, ikiwa imekunjwa vilevile, mpaka mwaka mwingine.

Mama yangu alijifunza kukunja. Akafa kabla ya bibi. Baada ya hapo nilibaki mimi, mjukuu wa pekee wa kike, na bibi alianza kuniita. Mwaka wa kwanza nilimwambia nimebanwa na toleo la Krismasi. Mwaka wa pili nilikuwa na maonyesho. Mwaka wa tatu sikumbuki hata nilisema nini. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, anatambua mchana na usiku tu, lakini kaniki hakuihitajia macho. Alinitumia ujumbe kwa jirani mwenye simu, akiniita kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake: "Mwambie mke mwenzangu, macho yameondoka, vidole bado vipo. Aje kabla navyo havijaondoka."

Nilikwenda, lakini sikwenda kujifunza. Nilikwenda kuazima kaniki ya kupigia picha.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia ni heshima kwa mama yake, nchi nzima itaiona. Maneno matamu ndiyo kazi yetu. Akatafuna tambuu yake, kisha akasema, "Mke mwenzangu, una maneno kama dalali. Haya. Chukua kwa siku mbili. Siku ya tatu uniletee hapa, tukae, nikufundishe kuikunja, na safari hii usiniambie una haraka."

"Sikwambii, bibi. Wallahi tena."

"Na isiguse maji."

Nikasema haitagusa. Moyoni nilidhani ni mambo ya ile dawa, kwamba ukoo uliodanganywa na maji unayachukia maji. Nikaona ni stori nzuri. Nikaiandika kwenye daftari langu ili iingie kwenye ukurasa wa pili.

Timu ilishuka kutoka Dar na gari la kukodi: kijana bosi, mpiga picha, wanamitindo wawili na masanduku yao. Tulilala nyumba ya wageni pale Kibiti, joto la kukata na shoka, feni inazunguka kama inalazimishwa. Asubuhi tulitakiwa kuwa kwenye mikoko kabla jua halijawa kali. Niliifungua kaniki juu ya kitanda. Niliifungua haraka haraka, kama ninavyofungua nguo zote, huku simu iko sikioni, namjibu mtu wa matangazo aliyetaka kujua ukurasa wake uko upande gani. Kama ningezima simu ile kwa dakika tano tu, leo ningejua ni ukingo upi uliotangulia kufunguka.

Nilipokata simu nikaitazama. Mikunjo! Ilikuwa nguo ngumu, nyeusi iliyokwisha kufifia, imejaa mikunjo kila upande, mingine imesimama kama matuta ya viazi, mingine imezama, inakatana, inarudi. Mhariri gani angepeleka kitu hicho mbele ya kamera? Nikasikia sauti ya mama wa viatu na mkoba. Mkunjo ni uvivu wa mhariri.

Nikaitoa pasi ya mvuke. Nikaitia maji. Hapo nilisita, sitasema uongo, nilisita na mkono ukiwa hewani. Nikajiambia: mvuke si maji. Maji ni ya kuloweka, ya ndoo, ya sabuni. Huu ni mvuke tu, unapita na kwenda zake. Mtu mzima, mwenye akili zangu timamu, nilisimama chumbani nikajishawishi hivyo. Na nilikuwa nimechoka, na gari lilikuwa linapiga honi nje.

Mkunjo mmoja baada ya mwingine ukalala. Iliniridhisha, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mkono wangu ulifurahi.

Picha zilikuwa nzuri. Mwanamitindo alisimama kwenye tope mpaka vifundo vya miguu, mizizi ya mikoko nyuma yake, kaniki imemwangukia kutoka begani mpaka chini ya magoti kama imemiminwa. Mbu walitula wote, bosi na wafanyakazi bila ubaguzi. Yule kijana alikuwa anaruka ruka matopeni na simu yake. "Maza, angalia hii! Haina hata mkunjo mmoja! Maza wewe ni noma!" Nami, mjinga, nikatabasamu.

Siku ya tatu wenzangu walirudi Dar, mimi nikachukua bodaboda mpaka Mahege. Nilikuwa nimeizima simu kabisa, nikajisikia mtu mwema. Bibi alikuwa barazani ameshatandika mkeka. Pembeni aliweka kisonzo, kikapu chake kidogo, chenye mtama. Alikuwa amevaa kanga mpya, na nilijua ameivaa kwa ajili ya siku hii.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Simu iko wapi?"

"Nimeizima."

"Alhamdulillahi. Basi leo mtu ataniona." Akacheka, akanyoosha mikono miwili. "Nipe."

Nikampa. Aliitandaza magotini, akaanza kupapasa. Vidole vyake vilikwenda pembeni, vikarudi katikati, vikaenda pembe nyingine. Nilifikiri anaisalimia. Kisha nikaona vinakwenda haraka, vinatafuta, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mbona laini?"

Akaiinua puani, akainusa.

"Umeifua?"

"Sijaifua, bibi. Ni mvuke tu."

"Mvuke wa nini?"

"Wa pasi. Nilikuwa nainyoosha kwa ajili ya picha."

Mikono yake ikabaki juu ya kaniki, haiendi wala hairudi. Nikaanza kusema haraka haraka kwamba mvuke ni kidogo sana, kwamba haikulowa, kwamba ile dawa ya zamani, nadhani, haiwezi kudhurika na...

"Dawa gani?" alisema. "Nani aliiamini dawa ile tena baada ya kuzika watu? Mama alikataza maji kwa sababu ya mikunjo. Njia ziko kwenye mikunjo. Huu unakwenda juu, huu unakwenda chini, kidole kinafuata. Mimi sikuijua kwa kichwa, mwanangu. Mama hakunifundisha kwa maneno, wala mimi sikumfundisha mama yako kwa maneno. Tulishika mikono tukafuata."

Sijawahi kujisikia hovyo kiasi kile maishani mwangu. Nilitamani anitukane. Bibi yangu alikuwa na matusi mazuri, ya kimilimani, angeweza kunivua nguo kwa sentensi moja. Hakunitukana.

"Una macho," akasema. "Tazama. Pana alama?"

Nikainama. Alama zilikuwapo, kweli. Mistari hafifu iliyopauka, mingi, imepishana kama njia za ng'ombe. Nikapata tumaini. "Ipo, bibi! Hapa pana mstari unatoka pembeni unakwenda katikati."

"Unakunjwa juu au chini?"

Nikatazama. Mstari ulikuwa mstari tu. "Sijui."

"Upi unatangulia? Huo au wa kando yake?"

"Sijui, bibi."

"Haya. Tujaribu juu."

Tukajaribu. Mimi nilisema mistari ilipo, yeye akakunja, vidole vyake vikisita kila hatua. Mara vilionekana kukumbuka, vikaenda vyenyewe mikunjo miwili mitatu, naye akasema, "Eee, ni hivi, ni hivi," na moyo wangu ukaniruka. Kisha vikasimama. Tukafungua, tukaanza upya. Mara ya tatu tulipata kitu kilichofanana na ule mfuko wa utotoni mwangu. Bibi akachota konzi moja ya mtama, akaitia ndani, akainua. Hakutikisa. Hakuwahi kutikisa. Punje zilimwagika kwenye mkeka, zikaruka mpaka uwanjani, kuku wakaja mbio.

Niliwafukuza kuku kwa kiatu. Niliokota punje huku nalia, mwanamke mzima wa miaka hamsini kasoro, na bibi akanisikia.

"Usililie mtama," akasema. "Mtama upo."

Nikaiwasha simu. Nikampigia mpiga picha nikamwuliza kama alipiga hata picha moja ya kaniki kabla sijainyoosha, mezani, kwa bahati mbaya, yoyote. Alikuwa na picha mia kadhaa. Zote zilikuwa za nguo iliyonyooka. "Usiwe na wasiwasi," aliniambia, "nimezikagua moja moja, ni safi kabisa." Nilipokata, bibi alikuwa ameshaitandaza kaniki upya. Alikuwa amesikia.

Tuliendelea mpaka ikaadhiniwa alasiri. Akasali amekaa, akarudi kwenye mkeka, tukajaribu tena mara mbili. Mimi nilikuwa bado nasema, labda huu unakwenda chini, bibi, labda tukianza na pembe hii, na ningesema hivyo mpaka usiku, mpaka wiki ijayo. Yeye ndiye aliyeiweka chini.

"Basi, mwanangu. Nimechoka."

"Nitakuja kesho. Sirudi Dar. Nitakaa mwezi mzima."

"Kaa," alisema. "Nitafurahi ukikaa." Akajinyoosha mgongo, akafumba macho yake ambayo hayakuwa na kazi ya kufumbwa. "Irudishe sandukuni."

Nikaishika kaniki, nikabaki nayo mikononi. "Niikunje vipi, bibi?"

"Ikunje unavyojua wewe."

Nikaikunja. Niliweka kingo kwa kingo, pembe kwa pembe, mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, nikaipitishia kiganja juu, kama tunavyozikunja nguo za kuazima tukizirudisha dukani baada ya picha. Nikaiweka magotini kwake aiguse kabla sijaifungia. Akaipapasa pande zote nne, polepole.

"Imenyooka," alisema.